Firigisi ya Khisa

Vyumba vya chini katika hosteli ya chuo kimoja cha Bungoma vilitengewa wanafunzi wenye ulemavu, kila mmoja akikaa na mwenzake wa kumsaidia. Wakhungu alijitolea kumsaidia Khisa kwa sababu moja tu: hakutaka kupanda ngazi na ndoo za maji. Kumsaidia mtu? Thubutu.

Kiti cha magurudumu cha Khisa ndicho alichokalia akicheza gemu na marafiki zake mchana kutwa. "Si wewe uko kitandani tu, bana," alimwambia. Khisa akitaka kwenda darasani, alingoja mchezo uishe. Akitaka choo, alijikokota sakafuni kwa viwiko, na wasomi hao wakainua miguu apite, macho kwenye skrini. Hakuna aliyeona haya.

Khisa alinyamaza. Mama yake, mjane wa Kitale, alimruhusu kuja chuoni shingo upande, akaapa kwamba akisikia anateseka atamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mama alipopiga simu, Khisa alimsifu Wakhungu mpaka akaishiwa maneno. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Alivumilia akingoja muhula uishe, maana hapo watu hubadilishiwa vyumba.

Jumamosi moja mama akaja bila taarifa, na kuku wa kupikwa kwenye hotipoti. Wakhungu alimwona dirishani. Akafukuza wenzake, akamnyanyua Khisa na kumtupa kitini. Mama alipoingia, alimkuta Wakhungu amepiga magoti akimfunga mwanawe kamba za viatu. Machozi yakamtoka.

Akapakua. Tangu baba afariki, firigisi ilikuwa ya Khisa, mwanamume wa boma. Leo mama aliitafuta kwa kijiko, akampa Wakhungu kwa mikono miwili.

"Kula, baba. Wewe ndiye uliyemzaa mara ya pili."

Wakhungu akaitafuna polepole, akimtazama Khisa usoni. "Hata sijafanya kitu, Mama. Khisa ni ndugu."

 Khisa angesema neno moja tu, mama angejua yote. Na neno hilo hilo lingemfungashia virago.

"Ni ndugu kweli, Mama," akasema.

Mama akatabasamu. "Nimepitia kwa mkuu wa hosteli, nikamlilia mpaka akakubali. Hamtatenganishwa mpaka mmalize chuo."

Wakhungu akamsindikiza hadi langoni. Aliporudi, alisimama mbele ya kiti, na Khisa akashuka sakafuni.