Usiniambie

Cherehani kiliingia dukani mchana kweupe, kimefunikwa shuka la maua, kimebebwa begani na shemeji yetu, mdogo wa mume wa dada yangu. Tunamwita Fasta, na si kwa sababu ana haraka ya kazi. Tangu tumjue hajawahi kuwahi kitu isipokuwa chakula.

Fundi ni dada yangu. Mimi ni wa vifungo na pindo. Siku hiyo cherehani chake cha zamani kilikuwa kimegoma tena, kinakata uzi ovyo, na sare za shule nzima zilikuwa zimerundikana sakafuni zikimsubiri. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapiga simu asubuhi, na hakupiga kutusalimia.

Fasta akakitua mezani, akavuta shuka. Cha umeme, cheupe, kinang'aa. Dada akakizunguka kama mtu anayemkagua mchumba wa mwanawe, kisha akauliza bei. Ilikuwa bei ya kutupa kweli, hata mimi ninayependa vya bure nikaingiwa na wasiwasi.

"Shemeji," Fasta akasema akishusha sauti, "hivi unajua nimekitoa wapi?"

"Usiniambie," dada akajibu.

Alilisema polepole, macho kwenye cherehani, kiganja amekiinua kama anayesimamisha gari. Mimi nilikuwa palepale, kifungo mkononi. Fasta akapokea pesa zake, akaondoka. Dada akachomeka waya, na sare zikaanza kushonwa.

Raha haikudumu. Fasta alikamatwa akiuza pasi iliyoibwa pamoja na cherehani, na alipoulizwa kiko wapi hakuhitaji hata kutishwa. Alitutaja wote. Kesho yake tukajikuta kituoni, dada na mimi kwenye benchi, cherehani mezani. Chini ya kitako chake kulikuwa na alama ya rangi ya kucha, aliyoiweka mwenye mali, fundi mwenzetu wa mtaa wa pili.

Mpelelezi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto na kikombe cha chai mbele yake.

"Mama, kukutwa na mali ya wizi peke yake hakukufungi," akamwambia dada. "Mtu anaweza kuuziwa asijue. Kosa ni kukaa nayo huku unajua. Sasa shemeji yako anasema alitaka kukuambia kilikotoka, ukamwambia, 'Usiniambie.' Kwa nini hukutaka kuambiwa?"

Dada hakutetereka. "Afande, mimi nilishangaa tu! Si ndivyo tunavyosema? Mtu akikuletea jambo, unamwambia, 'Weee! Usiniambie!'" Alilisema macho yamemtoka, mkono kifuani, sauti imepanda hadi askari wa mlangoni akageuka.

Mpelelezi akatabasamu. Alijua dada amepata pa kutokea, maana neno ni lilelile. Ukilipandisha ni mshangao, ukilishusha ni jela. Akaagiza Fasta aletwe, akamtaka aliige jinsi alivyolisikia. Mara ya kwanza likamtoka kama mtu anayeomba maji, mara ya pili kama mtu aliyekanyagwa kidole. Wakamrudisha ndani.

"Na wewe ulikuwepo," akanigeukia. "Dada yako alilisemaje?"

Niliogopa kweli. Dada ndiye aliyenilea, na watoto wake na wangu wote wanakula kwa sindano yake. Akifungwa yeye, tumefungwa ukoo mzima. Nikamtazama. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye ukingo wa benchi. Nikaamua kusema uongo, na kwa kuwa nilishaamua, nikausema vizuri.

"Weee! Usiniambie!" nikapaza sauti, nikajipiga paja. "Hivyo hivyo, afande. Tena kwake ni kawaida. Huyu kwa habari za watu hajambo, mtaa mzima unamjua. Wateja wanakuja kupimwa kiuno, wanaondoka wamepimwa mpaka ndoa zao. Akisikia jambo lazima aruke, na neno lake ni hilo hilo, hana jingine."

Ningeishia kwenye kelele ingetosha. Lakini mimi uongo ukishaninogea siwezi kuuacha njiani.

Mpelelezi akafunga jalada. "Haya. Cherehani kinarudi kwa mwenyewe. Nendeni nyumbani."

Dada akashusha pumzi, akanibana mkono hadi ukauma, tukainuka. Tulikuwa tumefika mlangoni pale mpelelezi alipoanza kukoroga chai na kusema, kama mtu anayejisemea, "Maskini yule fundi wa watu. Kaibiwa cherehani, na juzi tena mumewe... Mh. Tuyaache."

Nilimvuta dada nguo. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Wapi! Alishageuka, ameshavuta kiti, ameshakaa.

"Mumewe kafanyaje? Hebu niambie!"

Kijiko kikatulia kikombeni.

"Mbona hukusema 'Usiniambie'?" mpelelezi akauliza taratibu. "Mdogo wako kasema huna neno jingine."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana shimo lile nilimchimbia mwenyewe, kwa ulimi wangu huu. Mpelelezi alikuwa ameshafungua jalada upya.

"Huyu analala ndani," akamwambia askari. Kisha akanitazama. "Na wewe usiende mbali, yako nayo ipo."

Dada hakulia. Alivua hereni akanikabidhi, akaniagiza nimalizie kola zilizobaki na nisimwamini mwalimu mkuu akisema atalipa mwisho wa mwezi. Nilikuwa nalia mimi, yeye ananifuta. Askari akamshika mkono. Alipofika kwenye mlango wa mahabusu akasimama.

"Afande," akasema, "kama ni kufungwa, nimeshafungwa. Basi nimalizie. Mumewe kafanyaje?"

Mpelelezi akanywa chai yake bila haraka.

"Mumewe hajafanya lolote, mama. Nilitunga tu."

Hapo ndipo dada yangu alipoangua kilio.