Arobaini Hivi

Tangazo la kazi ya matroni wa bweni la wasichana lilitaka mwanamke "fortyish." Mshonaji alilisoma, akaacha cherehani, akamwita mpwa wake wa sekondari.

"Hiki Kizungu ndiyo nini?"

"Arobaini hivi, mamdogo. Pungufu kidogo, au zaidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama chumvi. Kila mtu na mkono wake."

Mshonaji akacheka, ila roho haikucheka. Arobaini alishaivuka kwa miaka mitatu. Mchumba wake, fundi umeme, aliambiwa thelathini na tano, na harusi ilikuwa mlangoni. Lakini kazi aliitaka hasa. Siku hizi hata uzi kwenye sindano alitungiwa na mpwa.

Siku ya usaili akavaa gauni la kiutu uzima. Kuingia ofisini kwa mkuu wa shule, ngazi katikati ya chumba. Juu yake, mchumba anabadilisha taa.

"Karibu, binti," mkuu akasema. "Mbona kijana hivi? Wasichana wangu watakupanda kichwani! Nataka mtu mzima."

Sifa hiyo mshonaji aliisubiri miaka. Imekuja siku ya kumnyima riziki.

"Mimi ni fortyish, mwalimu," akasema, sauti kama ya mbu.

"Wote wanasema hivyo. Jana kaja wa ishirini na tisa, naye eti fortyish! Wewe uko upande gani wa arobaini?"

Kule juu bisibisi ikanyamaza.

Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse yeye. Akafumba macho. "Ng'ambo, mwalimu. Nina arobaini na tatu."

"Si ungesema! Jumatatu anza."

Fundi akashuka taratibu, anafuta mikono. Mshonaji akasubiri kuitwa mwongo.

"Usitetemeke, mpenzi," fundi akasema, meno yote nje. "Thelathini na tano sikuiamini hata siku moja. Mimi nilishakukadiria arobaini na nane, na nikakupenda hivyo hivyo."

"Arobaini na ngapi?"

Mshonaji akabeba mkoba, akamuaga mkuu kwa adabu, akatoka. Fundi mbio nyuma yake, ngazi begani. Getini akageukiwa.

"Hiyo mitano ya ziada umeiona wapi usoni mwangu? Haya, onyesha kwa kidole!"

Fundi, mtu anayeshika nyaya za umeme kila siku, hakuthubutu kunyoosha kidole.