Kakule ni wa Nne

Sidonie alikuwa akimfokea Baudouin kwa viatu vyake vya matope juu ya zulia, na hasira zilipompanda akamwita kwa jina la nyumbani. "Kasereka! We Kasereka!"

Wakili Maureen, aliyekuwa jikoni mwao Ilford na kikombe cha chai mkononi, akageuka. "Kasereka ni nani tena?"

"Si huyu hapa! Kwetu Butembo, maître, kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Hatuchague. Mutoto anakuya na jina yake."

Maureen akaweka kikombe chini taratibu. "Na Gires?"

"Gires ni Kakule."

"Mama Sidonie! Miezi saba tunatafuta cheti cha ubatizo, na hujaniambia? Seriously?"

Angesema nini? Nani humweleza mwenzake kwamba Jumanne huja baada ya Jumatatu? Gires, mtoto wa marehemu dada yake, alifika Uingereza kwa boti ya mpira akiwa na miaka kumi na sita. Afisa mmoja alimtazama dakika kumi, akaona urefu na vindevu vitatu, akaandika ishirini na mitatu. Basi mtoto akatiwa gereza la wanaume wazima, angoje kesi ya kuingia nchini bila ruhusa, na Sidonie, anayehudumia wazee wa watu mchana kutwa, akakosa usingizi. Cheti kiliungua pamoja na parokia. Kumbe ushahidi ulikuwa kwenye fomu ya afisa yuleyule, kwa mwandiko wake mwenyewe: Kakule Gires. Na Baudouin, kaka yake, aliyeletwa na Sidonie akiwa mdogo, kitambulisho chake cha serikali kilisema ana miaka kumi na minane. Wa nne atamzidije wa tatu?

Sidonie akacheka mpaka akaketi sakafuni, palepale penye matope.

Siku ya kesi, Wanande wa London, watu wa kabila la Sidonie kutoka Kongo, walijazana mahakamani utadhani wameitwa harusini. Walitoka Hayes, walitoka Ilford, kaka kwa kaka, pasipoti mifukoni. Mwendesha mashtaka akasema desturi hiyo ni maneno ya watu tu. Jaji, mama mwenye miwani, akauliza kama yupo wa kumwonyesha.

"Paluku!" akaita Maureen.

Wakasimama wanaume watano, kila mmoja mkubwa wa kwao. Akaita Kambale, wakasimama watano. Kasereka, watano wengine. Alipoita Kakule wakasimama wanne. Wa tano, Norbert, aliyetoka zamu ya usafi uwanja wa ndege, alikuwa anakoroma, na kaka zake watatu wakamnyanyua kwa makwapa. Karani akaficha uso nyuma ya faili.

"Je, yawezekana Kakule akazaliwa kabla ya Kasereka?" jaji akauliza.

Sidonie hakumngoja mkalimani. "Mheshimiwa, labda kama mama anazala kinyumanyuma!"

Jaji alizipitia pasipoti moja moja, na vipimo vya DNA vilivyothibitisha kwamba Gires na Baudouin ni tumbo moja. Baada ya mapumziko ya mchana akatamka kuwa Gires ni mtoto, na hakupaswa kulala katika gereza lile hata usiku mmoja. Mashtaka yakaondolewa. Vigelegele vilivyopigwa hapo! Askari alisema nyamazeni mara tatu, akachoka, akanyamaza yeye.

Kwenye treni ya kurudi Ilford walimweka Gires katikati. Baudouin hakumpa nafasi ya kupumua. "Umesikia jaji? Mimi ndiye mkubwa, sasa ni sheria ya Uingereza. Vyombo utaosha wewe, leo, kesho, mpaka uzeeke."

Mabega ya Gires yakaanza kutikisika. Alikuwa ameinama, viganja vyote viwili vimeziba mdomo.

"Unaumwa?" Sidonie akashtuka.

Akatikisa kichwa. "Kicheko yangu ni ya mutoto, mama mudogo," akanong'ona ndani ya viganja. "Mule ndani, ukicheka, bale bakubwa banajua."

Sidonie akamsogelea. Akavishika vile viganja, kimoja kimoja, akavishusha na kuvibana mapajani mwake kwa nguvu.

"Kasereka," akasema, "mwambie tena habari ya vyombo."

Baudouin akamwambia. Kicheko kikamtoka Gires, chembamba, cha juu, mbele ya abiria wote.