Sketi ya Arobaini

Sketi thelathini na tisa zilikuwa zimeshapigwa pasi, zimekunjwa, zimepangwa kwenye benchi la fundi. Ya arobaini ilikuwa bado mezani, pindo lake limeshikizwa kwa pini, maana mwenyewe hajapatikana.

Fundi huyu alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, mgongo umepinda kwa cherehani, ulimi umenyooka. Chumba chake cha kazi kilitazamana na geti la shule ya wasichana, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna msichana aliyeanza shule pale bila kwanza kusimama mbele yake, mikono juu, apimwe. Wasichana walimwita Bi Inchi. Na walikuwa na haki, kwa sababu mama huyu hakuwa na habari ya "kama hapo hivi" wala "karibu na". Kiuno kikiwa ishirini na tano na nusu, ataandika na nusu yake. Ukimwambia, "Bibi, ongeza kidogo, nitanenepa," atakujibu, "Ukinenepa uje, kwani mimi nahama?" Kila kipimo kiliingia kwenye daftari lake, na daftari lile liliaminika kuliko rejista ya shule yenyewe.

Sasa shule ilikuwa hoi. Afisa elimu alikuwa ameleta barua: kidato cha kwanza kisipofika wasichana arobaini, Ijumaa saa sita mchana, shule itaunganishwa na ile ya wavulana upande wa pili wa mji, na majengo yatafanywa ghala. Ghala! Vyumba walimotoka wauguzi, mahakimu na mafundi umeme viwekwe mabati na mifuko ya saruji. Mwalimu mkuu alipoisoma barua ile hakwenda kwa walimu wenzake. Alivuka barabara, akaiweka juu ya cherehani ya Bi Inchi, akakaa kwenye benchi na kushika tama.

Mwezi mzima wanawake wale wawili walizunguka mlango kwa mlango, sokoni, zahanati, hata kwenye foleni ya maji. Mwalimu mkuu aliongea kwa upole. Bi Inchi hakuwa na upole wa kugawa.

"Huko kwenye mchanganyiko nani anashika darubini?" aliwauliza wazazi. "Mvulana. Binti yako anaandika anachoambiwa. Kwetu hakuna wa kumwachia. Kengele anapiga yeye, pampu ikiharibika anachafuka yeye, na hesabu ikimshinda analia, anapangusa kamasi, anairudia yeye. Sasa niambie, unataka nini tena?"

Wengine walicheka wakaandikisha. Wengine walisema majengo yamechakaa, na kule kwingine kuna basi lenye rangi nzuri. Waliosoma zamani walijitokeza: mmoja akaleta madawati, mwingine akashinda siku mbili juu ya ngazi akibadilisha nyaya. Alhamisi asubuhi wakawa thelathini na tisa.

"Mama," mwalimu mkuu alisema, "unamjua wa arobaini."

Alimjua. Sketi iliyokuwa mezani alikuwa ameikata kwa ajili ya mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pekee. Tena, jamani, alikuwa amekwisha kumwandika daftarini: namba arobaini, kiuno ishirini na nne. Hakumpima. Alikisia tu, yeye Bi Inchi, kwa macho.

"Mama yake hatakubali," fundi alisema.

"Nenda wewe ukamwombe. Mimi nilikaa naye dawati moja miaka minne. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, hata siku moja sikumpita." Mwalimu mkuu alitazama kucha zake. "Kiti ninachokalia kilikuwa chake. Nikienda mimi, nitamtonesha."

Binti wa fundi alikuwa msusi. Alikuwa na chumba cha viti viwili na kioo kimoja, mtaa wa tatu kutoka hapo, na kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kukanyaga chumba cha cherehani cha mama yake. Hawakuwa wamegombana kwa kelele. Walisalimiana, waliuguzana, mtoto alitumwa kwa bibi yake kila Jumapili. Lakini baada ya "shikamoo" na "marahaba", maneno yalikatika.

Siku hiyo alikuwa anamsuka binti yake mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, mkimya, mwenye kitabu mapajani. Fundi alikaa kiti cha pili. Akasema lililomleta, akaeleza habari ya Ijumaa, ya ghala, ya thelathini na tisa.

Msusi hakuacha kusuka.

"Mama, umeshamwambia kwa nini mimi niliacha shule?"

"Nani?"

"Huyu hapa. Amekuwa akiniuliza tangu ana miaka sita. Namwambia muulize bibi yako, na najua hajakuuliza, kwa sababu anakupenda." Mikono yake sasa ilisimama. "Mwambie wewe. Akishasikia, akitaka kwenda, sitamzuia. Nakuapia. Lakini asikie kwa mdomo wako."

Bi Inchi alitazama mlango kama mtu aliyesahau kitu nje. Kisha akapiga moyo konde.

"Wakati ule," alianza, "mkuu wa shule alikuwa mwingine. Alitoa amri. Kila mwanzo wa muhula nipime viuno vyote, na kiuno kikizidi inchi mbili juu ya kipimo cha nyuma, nipeleke jina ofisini. Nikapeleka. Niliwapeleka wanne kabla ya mama yako."

Msichana alifunga kitabu.

"Mama yako alikuwa kidato cha nne. Zilibaki wiki tatu wafanye mtihani wa mwisho. Niliitwa niwapime tena, wote, kwa sababu kulikuwa na maneno maneno. Akaja akasimama mbele yangu kama wenzake, mikono juu. Nikazungusha utepe. Ishirini na tisa. Mwanzo wa muhula alikuwa ishirini na sita." Akatazama mikono yake. "Nikamtazama. Akaniambia polepole, wenzake wasisikie. Akasema, 'Mama, andika ishirini na sita. Wiki tatu tu.'"

"Na wewe ukaandika nini?" msichana aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Ishirini na tisa."

Nje mtu alikuwa anaosha ndoo.

"Wale wanne walikuwa na mama zao," fundi alisema, na sasa alikuwa anajitetea, aibu imemjaa usoni. "Ningewatazamaje? Wa kwenu nimewatoa, wangu nimemficha? Nilisema mimi siwezi kuandika uongo. Siwezi. Sikuumbwa hivyo. Mama yako mwenyewe anajua."

"Najua," msusi alisema. "Hilo tu ndilo lililonifanya niendelee kukuamkia."

Msichana aliinua uso, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka.

"Kwa hiyo zile inchi tatu ni mimi," alisema.

"Mjukuu wangu..."

"Nakupenda bibi, lakini siendi. Siwezi kusimama pale unapopimia na mimi nikainua mikono."

Fundi alimtazama binti yake, akitegemea kuona ameridhika. Hakuona. Msusi alikuwa anafuta macho kwa nyuma ya mkono, mafuta ya nywele yakimwingia, na akasema kwa hasira, kama vile fundi ndiye aliyekataa, "Mimi nilitaka aende. Nilimnunulia hata kalamu."

Ijumaa afisa elimu alifika saa sita kasoro robo. Alikuwa baba mnene, mpole, mwenye haraka ya kurudi kwake. Alisimama mbele ya darasa akawahesabu wasichana kwa kidole, dawati kwa dawati. Walikuwa wamevaa sketi mpya zilizosimama kwa pasi, wametulia tuli, maana wote walijua. Dawati la mwisho dirishani lilikuwa tupu.

"Thelathini na tisa," alisema.

Akarudia kutoka nyuma. Thelathini na tisa.

Fundi alikuwa mlangoni na daftari lake kwapani. Alikuja nalo kwa mazoea, kama wengine wanavyotembea na mkoba. Afisa alimwona, uso ukamkunjuka.

"Bi Inchi! Mke wangu ulimshonea wewe. Hebu nione hilo daftari." Akafungua, akapitisha kidole, akafika chini. "Hapa kuna arobaini. Huyu wa mwisho, ishirini na nne, yuko wapi?"

Darasa zima liligeuka kumtazama. Watoto thelathini na tisa, na mwalimu mkuu ameshika ukingo wa meza.

"Mimi sitaki kufunga shule, mama," afisa alisema kwa sauti ya chini. "Lakini naweka sahihi yangu. Wewe mji mzima unajua husemi uongo. Niambie tu kwa mdomo wako. Anakuja?"

"Anakuja," fundi alisema. "Ana homa. Jumatatu yupo."

Basi. Haikuchukua hata muda wa kutunga uzi sindanoni. Afisa akaandika arobaini, akaweka sahihi, akagonga muhuri, na darasa likalipuka kwa vifijo. Mwalimu mkuu alimkumbatia fundi akalia begani kwake, akanong'ona, "Na Jumatatu, mama?"

"Jumatatu atakuwa amehama. Watoto wanahama kila siku."

Aliwaacha wakishangilia, akavuka barabara peke yake. Furaha aliitafuta, wallahi aliitafuta, hakuiona. Alikaa nyuma ya cherehani, akafungua daftari, akalitazama bila kulisoma. Mlango wa pili alisikia wanawake wakipeana habari. Mji mdogo haukawii.

Saa tisa kivuli kikaanguka mlangoni. Binti yake alikuwa amesimama kizingitini, vidole vinang'aa mafuta. Miaka kumi na mitano. Fundi aliinuka nusu, akakaa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Aliingia. Alitazama utepe unaoning'inia kwenye msumari uleule, kioo kilekile, akasogea hadi mezani.

"Nimesikia shule imepona."

"Imepona."

"Nimefurahi. Kweli kabisa nimefurahi. Ile shule ilikuwa ya kwangu." Akainamia daftari lililokuwa wazi, kidole chake kikashuka mpaka mstari wa mwisho. "Huyu ni mwanangu?"

"Ndiye."

"Ulimpima lini?"

Bi Inchi alitazama utepe msumarini.

"Sikumpima," alisema.

Msusi alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomkata fundi maini. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema.

Akasubiri kidogo, labda aambiwe kitu. Kisha akasema ameacha mteja kwenye kiti, akatoka, akavuka barabara mbele ya geti bila kuliangalia. Fundi alibaki na sketi ya arobaini mapajani, akaanza kuchomoa pini moja moja.