Maulida, Winnie na Bendi Zisizojulikana

Maulida alikuwa fundi cherehani Igoma, na rafiki yake Winnie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Butimba, upande wa pili wa jiji la Mwanza. Wote wawili walikuwa wamevuka miaka hamsini. Kuonana kwao kulikuwa kwa nadra, labda msibani au kwenye harusi ya mtoto wa mtu, lakini kila Ijumaa Maulida alimtumia Winnie wimbo mmoja kwa simu, na kila Jumatatu Winnie alimtumia Maulida mmoja. Sharti lao lilikuwa kwamba mwimbaji awe hajulikani. Akishaanza kupigwa redioni walimwacha aende zake, kama binti aliyeolewa.

Mchezo huo waliuanza wakiwa kidato cha pili. Enzi hizo, Jumapili mchana, bendi ndogondogo zilipiga dansi katika ukumbi mmoja karibu na ziwa, upande wa Kirumba. Wanafunzi walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Lakini kaka yake Winnie, Revocatus, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli ya mizigo, alimletea dada yake redio ya kaseti kutoka Kisumu. Wasichana wale wawili waliifunika kwa khanga, wakaiweka kwenye dirisha la nyuma la ukumbi, wakabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha wakachutama chini ya ukuta na kutulia kama kuku wanaoatamia.

Hivyo ndivyo walivyozinasa bendi ambazo hazikuwahi kuiona studio. Kulikuwa na vijana wa Ukerewe waliokuja na boti ya dagaa, nguo zao zikinuka ziwa. Kulikuwa na wazee wa Bukoba waliopiga magitaa mawili bila ngoma. Kulikuwa na mama mmoja wa Musoma mwenye sauti nzito iliyomtoa Winnie machozi palepale ukutani. Katika kaseti moja, katikati ya wimbo, alisikika mbuzi akilia, na wao walimpenda mbuzi yule kama mmoja wa waimbaji. Jumatatu shuleni kaseti ilipita mkono kwa mkono. “Sikiliza hii,” walisema. “Hawa hujawahi kuwasikia.”

Bendi nyingi zilivunjika kabla mwaka haujaisha. Wapigaji walirudi kwenye uvuvi, wengine wakaenda Geita kuchimba dhahabu. Kaseti nazo ziliota ukungu. Ule ukumbi sasa ni duka la vigae, na dirisha la nyuma limezibwa kwa matofali. Maulida akipita pale huwa anapunguza mwendo, ingawa hana haja ya vigae.

Ndoa na watoto viliwatenga kwa miaka mingi. Kisha zikaja simu za intaneti, na siku moja Winnie akamtumia wimbo wa kijana wa Sengerema aliyejirekodi chumbani kwake, wimbo ambao karibu hakuna mtu aliyekuwa ameusikiliza. Chini yake aliandika maneno mawili tu: “Sikiliza hii.” Maulida alisimamisha cherehani. Alijiona yuko chini ya ule ukuta, magoti yakimuuma, kicheko kimembana.

Tangu hapo hawakuacha. Winnie alikuwa msikilizaji mkali. Hakusifu ovyo. Kuhusu bendi moja ya Nyakato aliandika, “Besi yao inatembea kama mlevi, ila mlevi anayejua kwake.” Kuhusu mwimbaji mmoja wa Magu aliandika, “Sauti anayo. Anachokosa ni aibu kidogo.” Maulida aliwasomea wateja wake maneno hayo, na wateja wakacheka, wakaomba watumiwe wimbo wenyewe. Hivyo wasanii wawili watatu walipata mialiko ya harusi kupitia kibanda cha fundi cherehani, na wao wenyewe hawakujua ilitoka wapi.

Mwaka jana mambo yakaanza kubadilika. Majibu ya Winnie yalifupika. “Nzuri.” “Nimeipenda.” “Wanajitahidi.” Jumatatu nyingine zilipita bila wimbo, naye akasingizia mitihani ya shule. Maulida alidhani ni uchovu wa kazi, akanyamaza.

Ijumaa moja alikuwa na kazi nyingi, sare za kwaya nzima, akamtumia Winnie wimbo huku mkono mmoja ukisukuma kitambaa. Jioni jibu likaja: “Nzuri sana. Hawa vijana watafika mbali.” Maulida alipofungua ili ausikilize tena, aliona kwamba hakuwa ametuma wimbo wowote. Simu ilikuwa imejirekodi yenyewe pale mezani. Ilikuwa sauti ya cherehani yake mwanzo hadi mwisho, na katikati yeye mwenyewe akimwambia mteja kwamba zipu za rangi ile hazipo.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki kikawa hasira. Kumbe hasikilizi. Kumbe miezi yote hii anajibu tu, kama mtu anayemwitikia mtoto msumbufu. Asubuhi yake hakufungua kibanda. Alivaa baibui, akaenda Butimba.

Mlangoni alipiga hodi mara kadhaa bila kuitikiwa. Alizunguka nyuma ya nyumba na kumkuta Elias, mume wa Winnie, akimwagilia mchicha.

“Karibu, shemeji,” Elias alisema. “Ingia tu. Ukingoja aitikie hodi utakaa hapo mpaka jioni.”

“Kwa nini? Amelala?”

Elias aliweka chini ndoo. “Kwani hakukuambia? Hasikii. Sikio la kushoto lilikwenda zamani kidogo, na hili la kulia linamalizikia. Daktari anasema ni mishipa. Shuleni wamempa kazi ya maktaba. Mimi nilijua wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.”

Maulida aliingia polepole. Winnie alikuwa amekaa kwenye kochi, mgongo umeelekea mlango, akichambua mchele. Hakugeuka mpaka kivuli cha mgeni kilipoangukia ungo. Alipomwona Maulida alifurahi kwanza, kisha akayasoma macho yake, na furaha ikamtoka.

“Elias amekuambia,” alisema. Sauti yake ilikuwa juu kuliko ilivyohitajika, sauti ya mtu asiyejisikia anaposema.

Maulida alikaa mbele yake. Aliona jinsi macho ya rafiki yake yalivyoshuka na kutulia kwenye midomo yake, yakingoja. Hasira aliyotoka nayo Igoma hakuiona tena.

“Kwa nini hukuniambia?” aliuliza taratibu.

“Ningekuambia, ungeacha kutuma.” Winnie aliuweka ungo pembeni. “Nimepewa kifaa cha sikioni. Maneno nayapata kidogo, mtu akiwa karibu. Lakini nikiwasha muziki ni kama mabati yanaburuzwa barabarani. Nikasema nitajibu hivyohivyo. Ijumaa bila wimbo wako sijui ingekuwa siku gani.”

Maulida alimweleza kuhusu ile rekodi ya cherehani. Alilazimika kurudia mara mbili, mara ya pili kwa kuandika kwenye simu. Winnie alisoma, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka Elias akachungulia mlangoni. Walicheka wote wawili, na katikati ya kicheko hicho Winnie akaanza kulia, naye Maulida akamshika mkono.

Ijumaa iliyofuata Maulida hakujua la kufanya. Alikuwa amegundua bendi mpya ya vijana wa Kisesa, jirani na Bujora, wanaochanganya magitaa ya umeme na ngoma kubwa za Kisukuma. Aliwasikiliza tena na tena siku nzima. Mwishowe alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliuandika wimbo. Aliandika kwamba unaanza kama mvua inayosikika ikija toka mbali juu ya ziwa kabla haijakufikia. Aliandika kwamba msichana anayeimba anayatamka maneno kama mtu anayemwambia mama yake habari ambayo mama anaijua tayari.

Jibu la Winnie lilikuja baada ya muda mfupi. “Maneno yako matamu. Lakini hujaniambia besi inafanya nini.”

Maulida alitabasamu peke yake. Kusema kweli, hakujua besi inafanya nini. Miaka yote hiyo yeye alikuwa akisikiliza sauti na maneno, na Winnie ndiye aliyesikiliza yaliyoko chini yake. Alirudia wimbo, safari hii akitafuta kamba nene zile, na alipozipata akashangaa kwamba zilikuwepo muda wote. Aliandika tena. Winnie akauliza tena. Waliendelea hivyo mpaka magharibi, na Maulida alipokwenda kuswali kichwa chake kilikuwa kimejaa besi.

Halafu alimwandikia kiongozi wa bendi ile, kijana aitwaye Ngosha, akaomba yeye na rafiki yake waende kuwaona wakifanya mazoezi.

Walikwenda Jumapili mchana, yeye na Winnie. Bendi ilikuwa ikifanyia mazoezi katika ghala la zamani la pamba, sakafu ya saruji, kuta bado zina rangi ya kampuni iliyokwisha kufa. Ngosha aliwapokea kwa adabu.

“Shikamooni, mama zetu.”

“Marahaba, mwanangu,” walijibu, Winnie akichelewa kidogo baada ya kuuona mdomo wa mwenzake.

Maulida alieleza hali ya Winnie. Vijana walitazamana. Mwimbaji, msichana mrefu aitwaye Precious, alivuta benchi, akaliweka karibu kabisa na ngoma kubwa na spika ya besi, akampangusia Winnie vumbi kwa kitambaa chake cha kichwani.

Wakaanza. Winnie alivua viatu, akakanyaga saruji kwa nyayo, na kiganja chake akakiweka juu ya spika. Maulida alimtazama usoni zaidi kuliko alivyoitazama bendi. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Uso wa Winnie ulikuwa wa mtu anayesubiri zamu hospitalini. Kisha ngoma kubwa ikaingia, na mabega yake yakashtuka. Aliinama mbele. Kidole chake kimoja kikaanza kugonga spika, kikichelewa, kikikosea, kikirudi njiani.

Wimbo ulipokwisha Maulida alimsogelea. “Umeupata?”

“Nimepata nusu,” Winnie alisema, tena kwa ile sauti ya juu, hata vijana wote wakasikia. “Ngoma ninayo. Besi ninayo kidogo. Gitaa silipati kabisa, na huyu mtoto naona anafungua mdomo tu.” Macho yake yalikuwa na maji. “Nusu hiyo nipe wewe.”

Basi bendi ikaurudia wimbo, na Maulida akakaa mbele ya Winnie, akamwambia. Alitamka waziwazi, midomo ikifuata wimbo: sasa gitaa linapanda, linauliza, sasa limenyamaza, sasa msichana ameishusha sauti, hawaimbii watu, anajiimbia mwenyewe. Aliona haya mwanzoni, mwanamke wa umri wake akisema peke yake katikati ya bendi. Kisha haya ikamtoka. Winnie alikuwa akitikisa kichwa, macho kwenye midomo ya Maulida, nyayo kwenye saruji, na kwa dakika chache walikuwa wasichana wawili wanaoiba muziki mchana wa Jumapili. Nje upepo wa ziwa ulikuwa ukisukuma mlango wa bati, ukiufungua na kuufunga.

Walipoagana Precious alimuuliza Winnie, akijitahidi kutamka polepole, “Mwalimu, tupige vilevile au tubadilishe?”

Winnie alifikiri. “Msibadilishe kitu,” alisema. “Ila mwombe huyo wa gitaa asimame karibu na wewe. Nimeona kila anapopanda anakutafuta kwa macho.”

Yule wa gitaa alitazama chini, na wenzake wakacheka.

Sikio la kulia lilikwisha kabisa kabla ya masika. Winnie alikuwa na siku mbaya, nyingine mbaya sana, na kuna wiki hakutaka hata kusoma alichoandikiwa. Maulida aliendelea kumwandikia kila Ijumaa, ajibiwe asijibiwe. Kile kikundi cha Kisesa kilianza kualikwa mjini, na mara moja kilipigwa redioni. Maulida alimpa Winnie habari hiyo, naye akaandika, “Basi tumewapoteza.” Maulida alijua amefurahi.

Kisha Jumatatu moja simu ikalia. Ilikuwa video ya harusi huko Ukerewe, imepigwa na mtu ambaye mkono ulikuwa ukimtetemeka. Bendi ya vijana wanne ilikuwa imesimama chini ya turubai, nusu imefichwa na wacheza ngoma. Winnie alikuwa ameandika: “Sauti yao siijui. Lakini mtazame bibi mwenye kitenge cha njano. Alikuwa amekaa kabisa, wala hakuna aliyekwenda kumwinua.”

Maulida alimtafuta bibi huyo, akamwona. Alikuwa akiinuka polepole kutoka kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja kiunoni, akielekea walipo wanaocheza kama mtu aliyeitwa kwa jina. Maulida akaongeza sauti. Vijana wale walikuwa wazuri. Walikuwa wazuri kuliko wote aliowasikia mwaka ule.

Mteja mmoja aliyekuwa akingojea gauni lake aliinua kichwa, akauliza ni akina nani hao.

“Vijana wa Nansio, kule Ukerewe,” Maulida alisema. “Rafiki yangu ndiye aliyewaona.”