Shati la Bra Spokes

Mimi sikuwapenda wachezaji wastaafu kwenye televisheni. Nalisema mapema tusije tukakosana mbele ya safari. Mtu amecheza mpira ujana wake wote, magoti yamechoka, wanamvisha suti asiyoizoea na kumkalisha studio kwenye kiti kirefu. Anaulizwa swali, anacheka. Anaulizwa la pili, anajibu, "Mpira ndivyo ulivyo." Na kwa jibu hilo analipwa! Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniuliza kwa nini suruali inambana, nikamjibu kwamba suruali ndivyo zilivyo, hatarudi tena.

Niliyempenda ni yule mwanahabari wa takwimu. Ana miwani na sauti safi, na anajua nani alipiga pasi ngapi na nani alikimbia umbali gani. Huyo, nilikuwa nikisema, ndiye aliyesomea kazi.

Jirani yangu Placide hakukubali kabisa. Ni Mrundi, mlinzi wa maduka kule Kensington. Nyumba yetu ya Bellevue, hapa Johannesburg, imegawanywa vyumba, na kati yake na mimi kuna ubao tu. Televisheni ni yangu, kwa hiyo kila Jumatatu jioni, wakati wa kipindi cha uchambuzi, alikuja na kigoda chake akiwa bado na sare ya kazi.

"Mzee Alexis," aliniambia siku moja, "wewe ukiona suti inapita Rockey Street, unajua fundi alikosea wapi. Mimi naona suti tu. Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nashona."

"Basi umeshajijibu, mzee wangu."

Nikamwambia suti haikimbii wala haipigi chenga. Nikishakasirika sikosi jibu, hata kama ni bovu.

Kipenzi chake Placide alikuwa Bra Spokes, yaani Kaka Spokes kwa lugha ya mtaani hapa, golikipa wa zamani, jitu la mabega mapana na viganja kama sinia, mzito wa maneno. Mara nyingi mtangazaji alimaliza kipindi Bra Spokes akiwa bado anatafuta mwanzo wa sentensi. Mimi nilikuwa nikimwigiza mpaka Placide ananuna.

Mwanangu Chris naye ni golikipa. Tulitoka naye Lubumbashi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila kukisema anakichanganya na Kiingereza. Alikuwa akichezea timu ndogo ya Bez Valley, daraja la chini, timu ambayo hata wenyeji wa Bez Valley wengine hawaijui. Aprili ya 2018, kura ya kombe ikawatupia timu kubwa ya Soweto. Mechi ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mtaa mzima ulijua, maana nilihakikisha wanajua.

Mke wangu Jeanne alifunga na kuomba wiki nzima. Asubuhi ya mechi alitandaza vitu vya Chris kitandani: jezi, soksi, viatu, glavu. Akachukua chupa ya mafuta ya upako kutoka kanisani akavipaka kimoja kimoja, akiomba kwa sauti mpaka Placide ng'ambo ya ubao akaitikia amina. Sikuona ajabu. Kwetu mlango hupakwa, gari hupakwa, hata cherehani yangu ilipakwa siku niliyoinunua.

Uwanjani Chris hakuwa Chris. Mipira ya juu anayoidaka siku zote bila wasiwasi, alikuwa anaipiga ngumi. Alifuta mikono kwenye soksi, akaifuta kwenye nyasi. Hata hivyo walishikilia bila kufungwa hadi karibu na mwisho. Ndipo ikaja krosi laini, ya kumpa mtoto. Chris akaidaka kwa mikono miwili, ikamponyoka kama sabuni bafuni, ikaingia wavuni.

Kabla hajafika nyumbani, neno lilishafika: kipa ameuza mechi. Na kwa kuwa ni Mkongomani, wapo waliotaja na bei. Klabu ikamwambia asikanyage mazoezini. Alhamisi angekaa mbele ya viongozi, na wakimwona ana hatia, asingedaka tena mpira katika nchi hii. Kwa Chris hakukuwa na maisha mengine. Tangu utotoni alikuwa analala na mpira miguuni.

"Kilitokea nini?" nilimuuliza.

"Iliniponyoka, papa."

"Kwa nini ikuponyoke?"

"Eish, papa. It just slipped."

Nilipandisha sauti. Nilimuuliza kama kuna mtu alimpa kitu. Aliniangalia, kisha akageukia ukuta. Jeanne alikuwa mlangoni analia, anamuuliza Mungu amekosa wapi. Chris alifumba macho asimwone mama yake.

Jumatatu jioni sikutaka kuwasha televisheni. Placide alikuja na kigoda chake akawasha mwenyewe. Jeanne akasimama nyuma yangu, na Chris akabaki kitandani nyuma ya pazia.

Wakaanza na mwanangu. Yule mwanahabari wangu wa takwimu akarekebisha miwani. Msimu mzima, alisema, kipa huyu amedaka karibu kila krosi. Jumamosi, krosi aliyojaribu kuidaka ni moja tu, na hiyo ndiyo iliyoingia. "Simshtaki mtu," alisema kwa sauti yake safi, "lakini takwimu zinauliza swali." Nikanyanyuka nikazime.

Placide akanishika mkono. "Bra Spokes bado hajasema, mzee."

Bra Spokes alikuwa ameinama kuelekea kioo cha picha. Akaomba picha irudishwe. Mtangazaji akarudisha lile goli. "Siyo goli," akasema, "nipe mwanzo." Wakampa mwanzo. Na mtu yule mzito wa maneno, siku hiyo maneno yalimjia.

"Simamisha hapo. Tazameni mikono. Dakika za mwanzo kabisa, mpira haujafika, na tayari anajifuta. Soksi. Nyasi. Taulo. Ananawa maji ya kunywa, anajifuta tena. Kipa aliyeuza mechi hahangaiki hivi. Aliyeuza anadaka vizuri, anaukumbatia mpira, mnampigia makofi, mpaka saa yake ifike. Huyu anapiga ngumi kwa sababu haziamini glavu zake. Zina mafuta."

Studio ikacheka. Yeye hakucheka.

"Sogeza hadi kipindi cha pili. Mnaona? Glavu nyingine. Zile zilikuwa kijani, hizi nyeupe. Amebadilisha, na bado anajifuta! Kwa hiyo aliyepaka, alipaka zote, hadi za akiba. Adui hafanyi kazi kwa ukamilifu hivyo. Hiyo ni kazi ya mama."

Nyuma yangu nilisikia Jeanne akivuta pumzi. Sikugeuka.

"Mimi najua," Bra Spokes aliendelea, "kwa sababu mama yangu alizipaka zangu siku ya fainali. Tulifungwa goli kama hili hili. Watu waliniita mwizi mpaka nilipostaafu, na wengine bado. Sikusema. Ningesemaje? Ningesema maombi ya mama yangu ndiyo yaliyotufunga? Kijana huyu naye hatasema. Kwa hiyo nasema mimi." Akatazama kamera moja kwa moja, yaani alitutazama sisi, chumbani kwetu Bellevue. "Mama, kama unanisikia, usilie. Endelea kumwombea. Ila siku nyingine mpake kichwani, mikono muachie mwenyewe."

Yule bwana wa takwimu alivua miwani, akasema neno ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kwake: "Nimekosea." Nikampenda zaidi kwa hilo, lakini si yeye niliyekuwa namtazama.

Jeanne alikwenda nyuma ya pazia. "Chris, ulijua?"

"Nilijua kwa warm-up, mama."

"Na ukanyamaza? Batu banakuita mwizi, mutoto wangu, na unanyamaza?"

"Ulikuwa umefunga wiki nzima, mama. Nitakuambia nini?"

Sikuyasikia yaliyofuata, kwa sababu mama na mwana walikuwa wanalia pamoja na mimi nilikuwa na kazi ya kujifanya nina mafua. Placide alibeba kigoda chake akatoka polepole bila kunicheka. Hilo nalo namshukuru.

Alhamisi Chris alikwenda na glavu zote kwenye mfuko wa plastiki. Viongozi walikuwa wameshaziangalia picha upya, wakazishika glavu, wakazinusa. Kocha alikuwa wa kwanza kucheka. Wakamrudisha mazoezini jioni ile ile, na waliotaja bei mtaani wakakosa pa kujificha, hasa pale spaza, kiduka cha mtaani, ambako nilienda kununua mkate nisiouhitaji.

Kanisani kwetu mtu akitendewa jema hanyamazi nalo. Familia nzima inavaa kitenge kimoja, inacheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni na shukrani yake mikononi. Na yule ambaye Mungu alimtumia kukutendea, naye anavishwa kitenge hicho hicho. Jeanne akachagua cha manjano chenye samaki wa bluu. Nikamshonea yeye, nikajishonea mimi, nikamshonea Chris, na Placide kwa ajili ya ule mkono alionishika. Kikabaki kipande cha Bra Spokes.

Sasa, utampimaje mtu wa kwenye televisheni? Jumatatu nilikaa na tepu shingoni, nikalinganisha mabega yake na mgongo wa kiti cha studio, nikamkadiria shingo kwa kola ya mtangazaji. Placide alisema nimechanganyikiwa. Lakini ni yeye aliyelipeleka shati, maana mlinzi wa geti la studio ni mtu wa kwao Burundi, na walinzi wanafikishiana mizigo. Jumapili tulicheza kanisani bila Bra Spokes. Alikuwa kazini, na hata hivyo sikuwa na hakika kama shati lilimfika. Niliinua mikono madhabahuni nikamtaja kwa jina. Nililitaja kwa sauti kubwa, mimi niliyekuwa namwigiza.

Mechi ya kwanza ambayo Chris alirudi golini haikuonyeshwa moja kwa moja. Lakini Jumatatu iliyofuata, kipindi kilipofunguka, Placide alipiga ukelele hadi ubao ukatikisika. Katikati ya suti za kijivu, Bra Spokes alikuwa amekaa na samaki wake wa bluu, na mabega yamemkaa sawasawa.

"Nina mtu wa kumwonyesha," alisema. Wakaweka picha: krosi ya dakika za mwisho, msongamano, na Chris wangu anapaa juu ya vichwa vyote, anaudaka mpira na kushuka nao kifuani.

"Mmeona viwiko?" Bra Spokes akauliza. "Hapana, hamkuona. Ngoja." Akasimama, yule jitu, akasukuma kiti nyuma, akanyoosha mikono yote miwili juu kuonyesha jinsi kipa anavyoufuata mpira. Kwapa la shati likaachia. Lilipasuka hadi ubavuni, na kipaza sauti kikaupeleka mpasuko ule nchi nzima. Yeye hakushusha mikono. Alikuwa bado anaeleza, anacheka, kwapa wazi, akimsifu mwanangu.

Nimeshona tangu ujana na sijawahi kufurahi kuona mshono wangu ukifumuka. Machozi yalinitoka, na safari hii sikutafuta mafua. Chris alikuwa ameshika kichwa, anacheka. Jeanne akaniwekea mkono begani.

"Papa Chris," alisema, "weye ulimushonea musemaji. Ule ni golikipa, bana."

Kesho yake asubuhi nilikata la pili, lenye nafasi ya kutosha makwapani kwa mtu anayeruka.