Mapazia ya Mjomba

Mjomba wangu tulimzika juma lililopita, na wengi waliokuja msibani walimtaja kwa jina la mgodini: Bwana Mapazia. Kazi yake ilikuwa kutundika maturubai kwenye njia za chini, ili upepo wa feni kubwa iliyoko juu usipotelee njiani bali ufike mwisho wa handaki, wanakotobolea mwamba. Wachimbaji walimtania kwamba anapamba nyumba ya bibi harusi asiyefika. Naye alikuwa akiwajibu kuwa bibi harusi ni hewa, na akinuna watakiona cha moto.

Mwaka wangu wa kwanza nilisukuma mikokoteni kwenye njia panda. Joto la pale halikuwa na huruma. Siku moja nilikunja turubai upande mmoja, nikalibana kwa jiwe, upepo ukanijia kifuani. Nikajiona mjanja. Sikuwaza kwamba upepo ule ulikuwa na wenyewe: watoboaji wawili, mtu na shemeji yake, mita mia mbili mbele yangu.

Baada ya saa moja mjomba alipita na kipimo chake cha hewa. Akarusha vumbi kidogo, akaliona linaelekea kusikotakiwa. Akaliona na jiwe. Alilitoa, akashusha turubai, tukaenda mbele. Kila nilipotaka kuwakimbilia alinishika shati mpaka kipimo kituruhusu.

Tuliwakuta wameketi, mashine imezimwa. Mmoja ameshika kichwa, mwenzake ametapika. Lakini walikuwa hai, na upepo ulikuwa umeanza kuwafikia.

Nilitegemea anifichie, maana ni ndugu wa mama yangu. Akaniambia polepole, "Waambie mwenyewe, mjomba."

Nikawaambia.

Yule aliyeshika kichwa akaniuliza, "Kumbe wewe ndiye uliyekula upepo wetu. Umeshiba?"

Shemeji yake akacheka mpaka akakohoa. Mimi machozi yalinitoka.

Msimamizi alitaka kunifukuza. Mjomba akamwomba anikabidhi kwake, kwa kuwa aliyeaibika namna ile hataacha tundu kwenye turubai. Tukatundika pamoja miaka kumi na mmoja, na kila pindo alitaka liguse chini. Alistaafu bila kumpoteza mtu hata mmoja kwa hewa mbaya. Hilo alipenda kulisema jioni, ameegemea kiti, miguu kainyoosha, akingoja nimkubalie. Nami nilimkubalia kila mara.